Sufuria ya Mwalimu Savitri

Singida mjini. Jumapili, mwezi wa nane, jioni.

Upepo umevuma tangu alfajiri na bado haujachoka. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimekaa mlangoni, mgongo kwa upepo, naandika kabla jua halijazama ili mafuta ya taa yabaki. Mikono yangu inanuka jivu ingawa nimenawa mara mbili, na vidole viwili vimechubuka. Mimi ni mpiga chapa. Kesho mashine itanikumbusha kila herufi.

Kwenye mfuko wa koti langu, hapa msumarini nyuma yangu, kuna barua. Si yangu. Ina stempu tayari. Ilikuwa iondoke kesho asubuhi katika gunia la ofisi kwa basi la Manyoni, na hatimaye ipande ndege, mpaka kwa mama mmoja mjane huko Bara Hindi.

Haitaondoka kesho.

Kabla ya kueleza kwa nini, nijiseme mwenyewe kwanza. Mimi napenda kuulizwa. Mgeni akiuliza njia, namwonyesha njia, kisha namwambia ni nyumba gani ina mbwa mkali, ni fundi gani hushona na kupoteza vifungo, na ni kisima gani kina maji ya chumvi. Hakuna aliyenituma. Mke wangu, Anna, huniita mkuu wa matumbo ya wageni, kwa sababu maswali mengi huwa ni ya chakula. Akisema hivyo najifanya nimekasirika, lakini moyoni napendezwa.

Mwezi wa tano Mwalimu Savitri alishuka kwenye basi. Sari yake ilitoka Manyoni ikiwa ya kijani, ikafika kwetu ikiwa rangi ya barabara. Alikuja kufundisha hesabu sekondari. Nyumba aliyoahidiwa haikuwa na paa. Mafundi walikuwa wamechukuliwa, wao na mabati, wakajenge kijiji kipya upande wa Sepuka, ambako watu wanahamia wakae pamoja, na lori la ofisi yetu ya serikali liko huko huko mpaka leo. Basi Mwalimu akapangiwa chumba katika nyumba ya wageni pale Ipembe, ambako kupika chumbani ni marufuku.

Siku ya pili aliingia ofisini kwetu, akasimama mbele ya meza yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno kama limepigwa pasi.

"Ndugu zangu, mtu asiyekula nyama, samaki wala mayai, katika mji huu anakula wapi?"

Ofisi nzima iliacha kazi.

Dereva akauliza, "Na kuku je?" Mwalimu akasema kuku pia ni nyama. Dereva akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapana, Mwalimu. Kuku ni kuku." Hakuwa akitania. Mzee Gwao, tarishi wetu, akamwelekeza mtaa wa bucha, akaulizie utumbo, kwa kuwa utumbo ni vya ndani tu, si nyama yenyewe. Mwingine akasema aende kwa Mhindi mwenye duka karibu na soko, si ni mwenzake? Mwalimu akajibu taratibu kwamba ametoka huko jana. Yule mwenye duka ni Mwislamu, mtu mkarimu sana, alimpokea kwa sinia la pilau ya mbuzi na familia nzima ikasimama kumtazama akila. Alikula kachumbari.

Nilicheka, lakini niliwaelewa wenzangu. Kwetu mgeni akifika huonyeshwa kuku akiwa hai, amkubali kwa macho, ndipo achinjwe. Huko ndiko kupokelewa. Ukimwekea mgeni majani peke yake umemwambia, kwa adabu, kwamba njia aliyojia bado ipo. Nimekua nikijua hivyo. Sasa yupo mwanamke mtu mzima, msomi, anatuomba majani.

Nikasema niachiwe kazi hiyo.

Wiki mbili kila nikitoka kazini nilizunguka. Nilifunua vifuniko vya sufuria za watu kama bwana afya. Kisha nikapiga chapa karatasi, nakala tatu kwa kaboni, kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MAHALI PA KULA KWA WAGENI WASIOKULA NYAMA. Moja nikabandika ukutani pale nyumba ya wageni, moja nikampa mkata tiketi wa stendi, moja ikabaki kwenye droo yangu. Nilieleza mji wote. Ipembe, chai ya asubuhi na mihogo ya kuchemsha bila wasiwasi, ila chapati usiguse, zinakaangwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Misuna, wali unapendeza macho, lakini kila jani la mchicha limebeba dagaa. Minga, karanga za kukaanga na viazi vitamu kwa akina mama wanaokaa chini kando ya ukuta, nunua bila kuuliza chochote. Utemini nenda jioni ukatembee, nyumba ni nzuri na ziwa linaonekana, ila nenda ukiwa umeshiba, wakubwa hawapiki kwa kuuza.

Na Majengo, kwa Mama Hadija. Hapo niliandika: *Safi kabisa. Sema umetumwa na Msengi.*

Msengi ni mimi.

Mama Hadija ni mjane, umri wa mama yangu mdogo, mwenye hoteli ya chumba kimoja na mabenchi manne. Nilimweleza masharti, naye akaninyamazisha kwa mkono. Siku ile ile alichukua sufuria ndogo mpya, akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria, akaitundika msumari wa peke yake. Ikaitwa sufuria ya Mwalimu. Nyama haitaingia humo hata siku moja, akasema, na akamwita Mungu awe shahidi.

Na Mwalimu akala. Alianza na maharage. Akaenda kwa majani ya kunde yaliyotiwa karanga, akaenda kwa mlenda, ambao uliwashinda wageni wengi kabla yake. Alijifunza kumega ugali wa uwele bila kuungua vidole. Alijifunza kumwamkia Mama Hadija shikamoo huku amepiga goti kidogo, mpaka mabenchi yote yakafurahi. Saa saba mchana watu walikuwa wakisogea wampe nafasi, halafu wakimpa hesabu za watoto wao azikague. Mtaalamu wa maji aliyekatazwa nyama na daktari alisoma karatasi yangu, akaja naye. Nilikuwa nikipita pale nikijisikia kama niliyeujenga mji huu kwa mikono yangu.

Sasa lile ambalo sijamwambia Anna.

Wiki ya pili ya Mwalimu kula pale, Mama Hadija alinipa maharage ya sufuria ya Mwalimu nionje, nimwambie kama chumvi inatosha. Nikaonja. Mimi nimezaliwa Singida. Nimelelewa kwa supu ya kuku kabla sijaota meno. Ulimi wangu ulijua palepale, na ukaniambia, na nikaufungia mlango. Nikasema, "Mama, una mkono!" Nikaenda zangu ofisini. Njiani nilijiambia ni karanga. Kwenye maharage hakukuwa na karanga.

Kwa nini? Nimejiuliza tangu jana. Sikuwa na ubaya na Mwalimu. Nampenda kama dada. Nilichokuwa nakipenda zaidi ni ile karatasi ukutani, na jina langu juu yake.

Ijumaa Mwalimu alikuja ofisini tukifunga, na barua hii. Alinifasiria kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ili nijue nimeandikwa humo. Nilikuwa sijui kwamba mama yake hakumpa baraka ya safari. Alimwambia, huko Afrika watakulisha nyama, nawe utakubali ili usiwaudhi. Alipoondoka, mama akaanza kula mlo mmoja kwa siku, na akaapa ataendelea hivyo mpaka mwanawe amwandikie kwa mkono wake kwamba amebaki vile alivyomlea. Mwalimu alikuwa amesubiri miezi mitatu, awe na hakika kwanza. Ni mtu wa hesabu.

"Mama," barua inasema, "hapa nimempata ndugu anaitwa Msengi. Alitembea mji mzima akanitafutia jiko safi. Tangu nifike, hakijaingia kinywani mwangu chochote chenye damu. Sasa kula, ulale."

Alinipa bahasha kwa mikono miwili. Nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Jana Jumamosi tulitoka kazini mapema. Nilikwenda Majengo, nikapitia uani, nikijiambia nakwenda kumsalimu tu Mama Hadija. Kweli ni kwamba nilikwenda nione kwa macho yangu kwamba ulimi wangu ni mwongo. Alikuwa amechuchumaa kati ya majiko mawili. Kwenye moja, sufuria kubwa ya supu ya kuku wa wateja. Kwenye jingine, ile ndogo yenye uzi mwekundu. Akachota upawa mmoja kutoka kubwa, akamimina kwenye ndogo, akakoroga na kuonja. Uso wake ulikuwa na upole niliokuwa nauona kwa bibi yangu akimlisha mtoto mgonjwa.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Namtilia mwanangu nguvu."

"Si tulisema nyama hapana?"

"Kwani nimemtilia nyama? Hebu tazama humo. Kuna paja? Kuna shingo? Ni supu tu, Karani. Yule mtoto alikuja hapa amekonda kama kijiti, mama yake yuko ng'ambo ya bahari, mimi nimchemshie majani kwa maji matupu kama mbuzi? Atakwenda kwao aseme Singida walinipa nini?" Kisha akanipunguzia sauti, akaendelea kwa Kinyaturu, kama mtu anayenipa zawadi. Kila siku, akasema. Tangu siku ya kwanza. Na kuku anamchagua mwenyewe, jike lililonona.

Nilirudi nyumbani. Nilimweleza Anna ya Mama Hadija, si ya ulimi wangu. Anna aliacha kuchambua mchele.

"Barua unayo?"

"Ninayo."

"Basi kamwambie Mwalimu kabla ya Jumatatu. Yule mama asije akaanza kushiba kwa ajili ya maneno ya uongo, na wewe ndiye tarishi."

Nilijaribu kumbishia. Nikasema hajui, na asilolijua halimuumizi. Nikasema yule mama kule amekula mlo mmoja miezi mitatu, huruma iko wapi kumwongezea? Nikasema Mama Hadija ataaibika. Anna akarudi kwenye mchele wake. Yeye akifanya hivyo ujue umekwisha kushindwa.

Leo baada ya ibada nikaenda Ipembe, na Biblia mkononi na koti langu la Jumapili, kama mtu anayekwenda kutoa mahari. Mwalimu alikuwa uani kwenye ngazi anasahihisha madaftari, ameweka jiwe juu ya kila fungu upepo usichukue. Alinikaribisha kwa furaha. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema.

Hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini. Alikwenda kwenye pipa la maji, akachota kwa kikombe, akasukutua, akatema. Akachota tena. Alifanya hivyo mara nyingi, mgongo ukiwa kwangu, na sari yake ilikuwa inapepea mpaka ikanigusa mkono. Niliona mabega yake. Nilitamani upepo unichukue na madaftari.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, sauti iko sawa.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Jana," nikasema.

Ni kweli. Na ni uongo pia.

"Nipeleke kwake," akasema.

Tulitembea Ipembe mpaka Majengo. Watu walimsalimu njia nzima, Mwalimu, Mwalimu, habari za leo, naye akaitikia kila mmoja. Mama Hadija alituona kutoka mlangoni, akafurahi, akaanza kufuta benchi kwa ncha ya kanga. Mwalimu akaamkia shikamoo kama kawaida, ila goti halikukunjika vizuri. Akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama ni kweli.

"Kweli, mwanangu," Mama Hadija akasema. "Na umenenepa, tazama. Nyama sikukupa, Mungu anajua. Ni supu tu."

Alikuwa anatabasamu. Hakuwa na kosa lolote moyoni mwake, na hilo ndilo lilinitia uchungu. Ningemweleza nini? Kisha nikamkumbuka Mama Hadija mwenyewe, jinsi anavyokataa hata kuniazima kisu chake, kwa kuwa sisi Wakristo hatujulikani tumekata nini.

"Mama," nikasema. "Ukienda ugenini, wenyeji wakakupikia maharage, wakayatia upawa wa supu ya nguruwe. Wakakwambia, nyama hatukukupa, ni supu tu. Wakakwambia umenenepa."

Sikuwahi kuona uso ukibadilika hivyo. Tabasamu lilikwenda kwanza, kisha rangi. Alikaa chini pale pale, si kwenye kigoda, kwenye udongo. Akajifunika mdomo kwa kanga.

"Kila siku," alisema ndani ya kanga. "Nimemlisha kila siku."

Akalia. Wateja wawili waliokuwa ndani walibeba sahani zao, wakatoka nje kwa adabu, wakaendelea kula wamesimama kwenye upepo. Mwalimu akabaki kasimama na mikono yake haijui pa kwenda. Halafu naye akachuchumaa. Hakumkumbatia. Alichuchumaa tu, karibu, wakatazamana.

Mama Hadija ndiye aliyeinuka kwanza. Aliitoa ile sufuria msumarini, akaileta uani. Akasema kwao chombo kikiingiwa na najisi nzito ya namna hiyo, hakitupwi, kuna kuosha kwake: mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo safi. Alisema hajui dini ya Mwalimu inataka nini. Yake anaijua, na katika yake hakuna kuosha kunakozidi huko. Kama Mwalimu atakubali.

Mwalimu alifikiri. "Saba," akasema. Akainamisha kichwa. "Ndiyo."

Mwezi huu wa nane maji Majengo ni ya kubeba kutoka mbali. Mama Hadija alikuwa na debe moja la siku nzima. Alilitumia lote. Nikavua koti, nikaenda kisimani na madebe mawili, na foleni nzima ikaniuliza karani amefukuzwa na mke wake au vipi. Niliporudi alikuwa amekwisha kusafisha kwa udongo na yuko kwenye maji ya tatu, mikono mpaka viwiko, anahesabu kwa sauti. Kwenye ya tano alisimama akauliza, "Ni ya ngapi?" Mimi na Mwalimu na wale wateja wawili tukajibu pamoja, "Ya tano!" Mwalimu akakaribia kucheka. Niliona.

Na katikati ya kuosha, Mama Hadija alikuwa anasema, kwa ule uzi, kwa maji, kwa yeyote: Ni mimi. Ni mimi peke yangu. Karani hana kosa, Karani aliniambia vizuri.

Nilivumilia mpaka ya sita.

"Si jana, Mwalimu," nikasema. "Nilionja wiki ya pili. Nilijua ni kuku. Mtu wa hapa hawezi kukosea. Nilinyamaza kwa sababu karatasi ilikuwa imeshabandikwa."

Upepo ulivuma. Mama Hadija akanisukumia sufuria na konzi ya majivu.

"Basi ya saba ni yako," akasema.

Nikaosha. Nikasugua kwa jivu na gunzi mpaka vidole vikachubuka, nikasuuza, nikaiinua juu waone. Hakuna aliyenisifu. Ilikuwa inang'aa, na uzi mwekundu umelowa.

Mama Hadija akatia maharage, maji, kitunguu, chumvi. Akalihamisha lile jiko la supu upande wa pili wa uwanja, mbali, na upawa wake akaufunga uzi mwingine. Akaenda kusali adhuhuri. Sisi tukakaa benchi moja, mimi mwisho huu na Mwalimu mwisho ule, tukasubiri maharage yaive. Maharage hayana haraka. Nilipata muda wa kutosha wa kujiona.

Mwalimu akauliza, "Barua iko wapi?"

Nikamtolea. Aliishika. Nilidhani ataichana. Aliipima mkononi, akanirudishia.

"Ikae kwako. Jumatatu ijayo, si ya kesho, utaipeleka, na karatasi nyingine ndani yake. Nitamwandikia kwamba nilidanganywa na kwamba sufuria imeoshwa. Kisha nitamwambia ni siku ngapi nimekula humo tangu ioshwe."

"Na mama yako, Mwalimu? Wiki nzima bado?"

"Sitaki ashibe kwa uongo," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika.

Nikamwomba radhi. Nilikuwa sijamwomba, nilikuwa nimeeleza tu, na leo nimejifunza kwamba ni vitu viwili. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama ni kweli ulimi wangu unaweza kutambua kuku hata akiwa upawa mmoja ndani ya sufuria nzima. Nikasema ndiyo, naweza hata kukuambia kama ni jogoo.

"Basi utakuja saa saba," akasema. "Kila siku. Utaonja wewe kwanza."

Mzee Gwao atanicheka ofisini mpaka nistaafu. Karatasi ya ukutani nimeibandua nikirudi. Nyingine nitaipiga chapa vidole vikipona, na nafikiri haitakuwa na jina mwishoni. Pale kwa Majengo nitaandika ukweli wote: uliza, kisha nenda jikoni ukaone.

Maharage yaliiva karibu saa kumi. Mama Hadija aliyaleta mwenyewe, akaweka sahani katikati ya benchi, akarudi nyuma, mikono amefumbata chini ya kidevu. Mwalimu akanitazama. Nikachukua kijiko. Nikaonja, nikafumba macho, nikaonja tena. Nilitafuta kuku kila pembe ya kinywa changu, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba nisimkute.

Chumvi ilikuwa imepungua kidogo. Kitunguu kiliungua upande mmoja. Yalikuwa maharage tu.

"Kula, Mwalimu," nikasema.

Akala.

Jua linazama sasa na Anna anaita, ana kuku wa Jumapili. Kesho saa saba niko Majengo.